Mafuta ya Papa kwenye Gari la Bama

Msambweni, 8 Machi 1954

Kwa mpwa wangu Rai,

Salamu zangu zikukute huko Korogwe ukiwa mzima, tena umeshiba. Sisi huku tupo, anayeumwa anaumwa na anayepona anapona, ndiyo dunia. Mamako Mishi nilimwona Ijumaa kule Munje. Mguu umepungua kuvimba, na maneno hayajapungua. Anakusalimu sana.

Najua mwaka wa tatu huu hatuandikiani. Sikuja kufukua ya nyuma, nimekuja kwa jambo la kazi tu. Nasikia siku hizi wewe ni fundi wa magari ya shamba la mkonge. Basi mjombako ni dereva mzee mwenye gari la jipu la jeshi lisilo na fundi. Hilo hilo Bama, lile nililonunua kwenye mnada wa jeshi nikaliita jina la nchi nilikopigana vita na Wajapani.

Linanisumbua. Jua likiwa kali, nikitoka Gazi, linakohoa mara mbili halafu linazima. Nikilipumzisha kivulini nusu saa, linawaka kama halikufanya kitu. Petroli imo, plagi nimesafisha. Ni nini hicho?

Nijibu upesi.

Mjomba wako,
Boga

*

Korogwe, 24 Machi 1954

Mjomba,

Salaam. Mimi ni mzima, na kazi ipo. Mama mfikishie salamu zangu, mwambie nguo nitamtumia kabla ya Idi.

Ni petroli inayogeuka mvuke kwa joto kabla haijafika kwenye kabureta. Lowesha kitambaa, kizungushe kwenye pampu ya petroli, na kikikauka ukiloweshe tena.

Ni hayo tu.

Rai

*

Msambweni, 11 Aprili 1954

Mpwa wangu Rai,

Barua yako nimeisoma mara nne, wala si kwa urefu wake. Alhamdulillahi u mzima. Naona salaam imefika lakini shikamoo imebaki Korogwe, labda nauli haikutosha. Haya, marahaba, pokea ya bure.

Kitambaa kimefanya kazi. Sasa ni taa ya kushoto. Gari likipita kwenye shimo inafumba jicho, shimo la pili inafumbua. Niambie dawa yake.

Usidhani silitunzi. Tangu siku ile lilipoingia maji ya chumvi, kutu haina adabu, nakwangua hapa inatokea pale. Nimeipata dawa yake: sifa, mafuta ya papa, yale wanayopaka vyombo vya baharini. Kila Jumapili naingia chini na kitambaa, napaka fremu, springi, mabomba, mipira, kila kilichoko chini mpaka king'ae. Lakini harufu yake, yalaa! Paka wa Msambweni nzima wananisindikiza, na msikitini nasali nimeachiwa nafasi kulia na kushoto.

Kila Ijumaa baada ya sala nakwenda Munje kumwona mamako, narudi. Usukani uko kushoto kama Wamarekani walivyotaka, na kiti chako cha upande wa pili hakikaliwi na mtu. Wanaoomba kubebwa nawaambia wapande nyuma. Tangu mke wangu Mwanaima afariki, nikifika nyumbani nazima injini na kubaki mle mle garini, maana ndani hakuna wa kuniuliza mbona nimechelewa. Wakati mwingine adhana ya magharibi inanikuta nimeshika usukani.

Mzungu mmoja wa Diani mwenye vibanda vya wageni amekuja mara ya pili, anataka kulinunua. Nimemwambia gari hili lina mwenyewe, yuko safarini. Wewe wajua mila yetu Wadigo, cha mjomba ni cha mpwa, mwana wa dada. Sina mtoto mimi. Njoo ulichukue ningali hai, nikuonyeshe tabia zake.

Mjomba wako,
Boga

*

Korogwe, 30 Aprili 1954

Mjomba,

Salaam aleikum. Nashukuru kusikia unamwona mama kila Ijumaa.

Nikuulize na mimi. Nani alinifundisha kufunga kitambaa cha maji kwenye pampu? Ni wewe, mwaka wa hamsini, tukipanda kwenda Kwale, ukaniambia ndivyo mlivyofanya vitani. Nani alinifundisha kuwa taa ikikonyeza, ufungue waya wake pale uliposhikizwa kwenye bodi, uukwangue kutu? Wewe tena. Unaniuliza maswali uliyonijibu mwenyewe, mjomba. Mimi si mtoto.

Na kwa kuwa umeyataja maji ya chumvi, haya, tuyaseme. Nililichukua gari bila ruhusa, nikaliendesha ufukweni maji yametoka, likanasa mchangani, bahari ikajaa. Kosa langu, nililikubali siku ile ile. Ukanipiga kofi mbele ya watu wote wa Munje, na kofi ningelisahau. Lakini ulisema, "Sina mpwa mimi. Huyu sijui katoka tumbo gani." Tumbo lile ni la dada yako, mjomba. Mama alikuwa amesimama pale pale na ndoo mkononi, amekuja kutusaidia kuteka maji garini. Aliiweka ndoo chini akaenda zake.

Leo unaniandikia cha mjomba ni cha mpwa. Mpwa yupi?

Mpe Mzungu gari.

Rai

*

Msambweni, 7 Juni 1954

Mpwa wangu Rai,

Idi njema, japo imepita. Natumai ulifunga salama na hukukosa wa kufuturu naye. Mimi nilifuturu kwangu. Siku mbili tatu majirani waliniita, nikaona haya kwa ajili ya harufu yangu.

Barua yako nimekaa nayo Ramadhani nzima. Ni kweli, dawa ya pampu nilikuwa naijua, na ya taa nilikuwa naijua. Nilikosa namna nyingine ya kukuanza. Ya ufukweni nitakuambia kwa mdomo siku utakayokuja, si maneno ya kutia kwenye bahasha.

Ila hili la leo si hila, wallahi. Ni breki. Nikikanyaga, pedali inalala chini kama godoro, mpaka nikanyage mara tatu ndipo gari linashika. Nimechungulia magurudumu ya mbele, ile mipira inayopitisha mafuta ya breki imevimba na kulainika, ukiiminya inabonyea kama embe bivu. Sijaona kitu hiki maishani, hata vitani. Mafuta ya breki nimeongeza, na mipira yenyewe nazidi kuipaka ya papa isije ikapasuka.

Nifanyeje? Nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Mjomba wako,
Boga

*

Msambweni, 27 Juni 1954

Mpwa wangu Rai,

Salamu, na dua zangu kwako. Wiki tatu zinakwisha. Kila siku nakwenda dukani wanakopokea barua, na siku hizi mwenye duka akiniona kwa mbali anatikisa kichwa, ananiokolea hatua.

Nimeamua. Kama mpwa haji kwenye gari, gari litakwenda kwa mpwa. Alhamisi, nikishasali alfajiri, naondoka. Napita Ramisi, Lunga Lunga, Tanga, mpaka hapo ulipo. Mamako ananiita mwendawazimu, lakini amenifungia mikate ya sinia na papa mkavu. Breki usihofu. Tulishuka milima ya Bama kwa gia tupu, na mvua juu yake.

Ukilitaka gari utalichukua. Ukilikataa nitageuza nirudi nalo, sitakulaumu. Angalau nitakuwa nimekuona. Mwanangu, nyumba hii imenyamaza mno.

Mjomba wako,
Boga

*

Korogwe, 28 Juni 1954

Mjomba, usiliendeshe gari. Nimeanza na hilo ulisome kabla ya salamu.

Barua yako ya breki ilinifikia tarehe kumi na nne. Niliisoma nikacheka, nikasema huyu mzee ameanza tena michezo yake. Nikaiweka chini ya mto. Nilitaka usubiri kidogo na wewe uonje, huo ndio ukweli. Leo hapa karakana limeletwa lori ambalo mipira yake ya breki ilimwagikiwa mafuta mabaya, nikaishika mkononi. Imevimba, imelainika, embe bivu vile vile ulivyoandika.

Ni mafuta ya papa, mjomba. Ubao yanaufaa, chuma yanakifaa, lakini mpira yanaula. Kila Jumapili ulikuwa unaulisha sumu. Siku utakayokanyaga kwa nguvu mpira utapasuka, na hutakuwa na breki hata kwenye gurudumu moja. Usiende nalo popote, hata Munje. Ijumaa hii nenda kwa miguu. Nimeagiza mipira mipya, nitakutumia.

Nakuomba.

Rai

*

Hospitali, Msambweni, 19 Julai 1954

Mpwa wangu Rai,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Barua yako niliisoma hapa kitandani siku ya Jumatatu, nami nilikuwa nimeondoka Alhamisi. Usijilaumu. Hila mbili za kwanza zilikuwa zangu, ya tatu ungejuaje kuwa si hila?

Ilikuwa kwenye mteremko wa kwenda daraja la Ramisi. Mbele palikuwa na mkokoteni wa miwa, na wanawake wawili wanatembea ubavuni mwake. Nikakanyaga, nikasikia kitu kimepasuka, pedali ikagonga sakafu. Nikavuta breki ya mkono, ikatoa moshi tu. Basi nikaliingiza gari kwenye shamba la miwa. Miwa ilinipokea vizuri, lakini chini yake palikuwa na mtaro ambao sikuuona. Fremu imekatika vipande viwili pale kutu ilipokuwa imejificha chini ya mafuta yangu. Mguu wa kulia umevunjika mara mbili. Hakuna mwingine aliyeumia, nashukuru Mungu kila nikifumbua macho. Wale wanawake ndio waliokwenda kuniitia watu, huku wanaulizana harufu hii ya papa inatoka wapi.

Wamelivuta mpaka kando ya njia. Yule Mzungu alikwenda kulitazama, akageuza bila kushuka. Kitu kimoja tu niliwaomba watu wa Ramisi wanifungulie: kiti cha upande wa pili. Wameniletea, kiko hapa kando ya kitanda changu. Wageni nimewakataza kukikalia. Nilimruhusu mamako peke yake.

Na mamako nilimwambia hivi, jana, wodi imejaa wagonjwa na wageni wao, kwa sauti ili wote wasikie, kwa kuwa siku ile pia nilisema mbele ya watu. Nilisema, "Mishi, niliyatukana matumbo. Lako ni tumbo lililonipa mpwa, na lililotuzaa mimi na wewe ni moja, la mama yetu. Nisamehe." Akanitazama. Akasema, "Miaka mitatu, Boga? Ulikuwa unangoja uvunjike mguu?" Wodi nzima ikacheka. Kisha akalia, na mimi nikalia. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nimejikwaa vyote viwili. Nakuomba radhi na wewe. Nilidhani haya hayaandikiki, kumbe ni mistari michache tu.

Sasa gari hakuna. Sina ubovu wa kukuuliza, wala sina cha kukurithisha ila kiti kimoja kilichochanika na kunuka papa. Barua isiyo na gari ndani yake siijui inavyoandikwa, unisamehe kama imekaa vibaya.

Nakukumbuka, Rai. Nilikuwa nikikukumbuka nilipokuuliza pampu, na nilipokuuliza taa. Hilo tu ndilo nililotaka kusema tangu Machi.

Mjomba wako,
Boga

*

Korogwe, 26 Julai 1954

Shikamoo mjomba,

Nimepewa ruhusa ya wiki mbili. Jumamosi asubuhi naondoka na basi la Tanga, na kutoka hapo nitapanda lolote linalokuja kwenu.

Mipira ya breki ilifika juzi. Haina kazi tena, lakini nimeitia mkobani, nakuja nayo. Mwambie mama asijisumbue kupika siku ya kwanza, nitapitia hospitali kabla ya Munje. Na kile kiti mtu mwingine asikikalie.

Hiyo shikamoo ya hapo juu usiijibu kwa barua. Nakuja kuipokea marahaba yake mwenyewe.

Mpwa wako,
Rai