Aliyekaa Upande wa Kulia

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kisiwa cha Norfolk
Jina: Ivah Quintal (jina la utani, ndilo lililo katika kitabu cha simu cha kisiwa: Kisiki)
Umri: Miaka 78
Kazi: Msusi wa kofia za ukindu
Makazi: Nyumba ya bati jekundu, juu ya Ball Bay
Tarehe: 19 Machi 2024, saa 3:10 asubuhi
Mwandishi: Konstebo L. Petrakis

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Shule niliiacha darasa la nne nikaenda kuchuma maharage, kwa hiyo mimi nasema na Konstebo anaandika. Nimemwambia asinipambie maneno.

Nimekuja kwa ajili ya mjukuu wangu, Jodene Quintal, miaka 26, fundi wa magari. Jana Jumatatu saa kumi jioni niliambiwa dukani kwamba mgeni mmoja, Bwana Hartnell, amemshtaki. Anadai Jumapili Jodene aliachia usukani gari likitembea, akasimama, akamwonyesha ishara ya matusi. Jodene amechaguliwa kuendesha gari la wagonjwa la kisiwa, na keshokutwa Alhamisi anakabidhiwa ufunguo. Akiandikiwa kosa la barabarani, ufunguo huo anapewa mwingine. Nalala naye nyumba moja, nakunywa naye chai, na hakuniambia. Nimeambiwa na muuza mkate.

Mnamo tarehe 17 Machi 2024, saa nane na nusu mchana, Jodene alinichukua nyumbani kwa gari. Gari ni Pijo la wazi la mwaka 1966, paa lake ni turubai linalokunjwa nyuma. Marehemu mume wangu, Selwyn, alilinunua Noumea, ng'ambo ya bahari, kwa Wafaransa. Lilishushwa kutoka melini juu ya mashua mbili zilizofungwa pamoja, maana hapa hatuna bandari, na Selwyn alikaa ndani yake ameshika usukani mpaka gatini, kama vile angeweza kupiga breki juu ya maji. Alipofariki, gari lilikaa bandani miaka kumi na tisa. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Jodene amelifufua kwa mikono yake, kila Jumamosi kwa miaka mitatu. Injini kaishusha yeye, breki kazifunga yeye, rangi ya maziwa kaipiga yeye, hata mikanda ya viti, ambayo gari halikuzaliwa nayo, kaiweka yeye. Konstebo ameniuliza kama hayo yanahusika. Yanahusika. Andika.

Jodene aliniambia, "Panda, Bibi. Leo unazungushwa kisiwa kama malkia."

Nikamwambia, "Malkia hukaa nyuma. Mimi nakaa mbele nione unavyoingiza gia."

Tulivaa kofia zangu mbili za ukindu, za ukingo mpana, pacha kabisa, kwa sababu jua lilikuwa kali na paa tulikuwa tumelikunja.

Tuliteremka Kingston tukafuata pwani. Mwendo ulikuwa kilomita ishirini kwa saa. Nimeulizwa kwa nini polepole hivyo. Kwa sababu tulikuwa hatuendi popote. Bahari ilikuwa imetulia na Kisiwa cha Phillip kimejikalia pale mbele na wekundu wake. Bahari hiyo nimeitazama maisha yangu yote nikianika nguo. Siku hiyo niliitazama nimekaa, mikono mitupu. Injini haikukohoa hata mara moja. Niliweka kiganja mlangoni nikasikia inavyonguruma, sawasawa, vile vile alivyokuwa akiiweka Selwyn.

Jodene akauliza, "Bibi, unalia?"

Nikamjibu, "Upepo huo. Tazama barabara."

Konstebo, wewe una miezi minane hapa, unajua, lakini andika kwa ajili ya wasiojua. Kwetu dereva humnyanyulia mkono kila anayepishana naye. Kila mmoja. Hata uliyegombana naye juzi unamnyanyulia, halafu mnaendelea na ugomvi wenu. Asiyenyanyua ama amekufa, ama ni mgeni.

Saa tisa kasoro dakika kumi, karibu na Emily Bay, tulipishana na gari jeupe la kukodi. Jodene alinyanyua vidole vinne, gumba likabaki kwenye usukani. Dereva, ambaye sasa namjua kuwa Bwana Hartnell, alipita amekaza shingo.

Jodene akasema, "Hajatuona."

"Kofia mbili zenye upana huu hajaziona? Macho nayo kayakodi?"

Saa tisa na dakika ishirini, pale Cascade, tulikutana naye tena. Kisiwa ni kidogo, ukimkwepa mtu unamkuta mbele. Jodene akasalimia tena. Naye hakunyanyua hata kidole. Nikasema, "Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kaja, mwenyeji anaumwa."

Jodene akacheka. "Mwache, Bibi. Ya tatu ataitikia."

Saa tisa na dakika hamsini tulikuwa tunarudi, kwenye njia ya Ball Bay. Ng'ombe wawili na ndama walikuwa katikati ya barabara. Ng'ombe kwetu ndiye mwenye njia, hilo ni sheria na kibao kipo. Jodene alipunguza, tukatembea mwendo wa ng'ombe, kwa kuwa tulikuwa nyuma ya ng'ombe. Gari jeupe likatokea nyuma yetu. Likapiga honi. Ndama akaruka. Likapiga tena, ndefu. Kisha Bwana Hartnell akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Ondoeni hiyo skrepa njiani!"

Jodene hakugeuka. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akaniambia taratibu, "Tulia, Bibi." Nikajua ameumia, maana mtoto huyu akiumia ndipo husema taratibu.

Sasa hapa uandike vizuri. Konstebo amenisomea maneno ya Bwana Hartnell, kwamba "dereva, aliyekaa upande wa kulia na kuvaa kofia pana, alisimama na kuachia usukani kwa mikono yote miwili." Upande wa kulia. Kwetu dereva hukaa kulia, lakini Wafaransa wa Noumea hupita kulia mwa barabara, na magari yao usukani uko kushoto. Pijo la Selwyn usukani uko kushoto tangu kiwandani. Kisiwa kizima kinajua. Bwana Hartnell aliona kofia na mikono, uso umefichwa na ukingo, basi.

Aliyekaa kulia ni mimi.

Mimi ndiye niliyefungua mkanda. Mimi ndiye niliyesimama, na goti hili bovu, nikamgeukia. Nilimpigia ishara ya mikono miwili ambayo Selwyn alirudi nayo kutoka Noumea pamoja na gari. Mkono mmoja unainuliwa ngumi, wa pili unaupiga kiwikoni. Sikukosea mkono. Nilikusudia. Jodene alinikamata gauni akasema, "Kaa chini, Bibi, utanivunjikia!" Alinivuta kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa kwenye usukani muda wote.

Konstebo ameniambia kwamba jana mchana alimuuliza Jodene ni nani alisimama, naye akajibu, "Sina la kusema." Alikuwa tayari kuuacha ufunguo wa gari la wagonjwa ili jina la bibi yake lisiingie kituoni. Mjinga huyo. Nani kamfundisha kukaza kichwa hivyo? Namjua aliyemfundisha, ndiyo maana kumgombeza itanipa tabu. Lakini nitamgombeza.

Kosa la mkanda, andika jina langu. Kosa la kusimama, jina langu. Ishara, jina langu, na usiliandike kwa herufi ndogo. Bwana Hartnell simwombi radhi. Yeye amwombe ndama.

Na hili la mwisho liandike kama ninavyolisema. Siku mtu akizidiwa kisiwani hapa, hata akiwa ni huyo Bwana Hartnell, nataka anayemkimbiza hospitali awe dereva ambaye ng'ombe wako mbele, matusi yako nyuma, bibi mkorofi kasimama ubavuni, na gari haliyumbi. Halikuyumba hata unywele. Mimi nilikuwa nimesimama ndani yake bila kushika kitu, ningejua.

Nimesomewa yote nikasikia. Ni maneno yangu, hakuna aliyenitilia kinywani. Maelezo yangu yanaishia hapo.

Sahihi: I. Quintal

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa na kutia sahihi mbele yangu saa 4:05 asubuhi. Saa 4:40 nilikagua gari kwenye karakana ya Jodene Quintal: usukani uko kushoto, mikanda ipo na inafanya kazi. Shahidi aliombwa kuonyesha ishara ili ielezwe kwa usahihi. Alionyesha mara mbili, ya pili bila kuombwa. Napendekeza jalada dhidi ya Jodene Quintal lifungwe leo. Ivah Quintal amepewa onyo la mdomo kuhusu mkanda. Alikataa la mdomo, akataka la karatasi lenye muhuri, akasema ana ukuta mtupu sebuleni. Nimempa.

L. Petrakis, Konstebo