Kiti Nilichofumua Mimi

Jumanne, 4 Machi

Mjukuu wangu kapata kazi! Fundi umeme wa zamu, kiwanda cha vioo, huko ng'ambo ya milima. Nimepiga vigelegele mpaka jirani katoka na mwiko akidhani nimevamiwa. Na kabla mate hayajakauka mdomoni, mtoto anasema: "Bibi, sasa nanunua gari."

Nikasema vizuri. Gari la heshima. Milango minne, linabeba na gunia.

"La mbio," anasema.

La mbio! Yeye mwenyewe mwembamba hata jina nilimpa Njiti tangu anatambaa. Upepo ukivuma anashika nguzo. Sasa anataka kitu chenye turbo. Nikauliza turbo ndiyo nini. Akanieleza kwa mikono, kwa mashavu, mwisho kwa kijiko cha chai — upepo unaingia, unasukumwa kwa nguvu, injini inapata kichaa. Nikamwambia babu yako naye alikuwa na upepo mwingi, na hakufika popote.

Akiba yake ni ndogo. Inatosha gari lililotumika, likachoka, likaomba kupumzika. Nikamwambia kwa akiba hiyo utapata mbio au utapata breki, chagua kimoja.

Hakucheka. Nikacheka mwenyewe. Kichekesho changu siwezi kukiacha yatima.

Jumatano, 5 Machi

Karakana ilijaa leo. Mwenye teksi kaja mapema kudai teksi yake, na kiti cha nyuma nimeshakifumua, sponji liko mezani limelala kama mgonjwa. Ati ana abiria wa haraka, atatandika blanketi. Nikamwambia hilo blanketi ajifunike mwenyewe uso. Kiti nilichofumua mimi, nafunga mimi. Washona viti wote tunajua: kiti kikishafunguliwa gari haliondoki, hata mwenyewe alie. Nani anatoka kwa daktari na tumbo liko wazi? Akakaa juu ya ndoo, akanuna mpaka nikamaliza. Alinishukuru kwa meno ya mbele tu.

Halafu akaja mama wa duka la pembeni, na maneno yake ya bure, maana ya kuuza hana. "Dada, mtoto akinunua gari la mbio ujue anaaga." Ati mtoto wa kaka yake alinunua, siku ya kwanza akawazungusha mtaani wote, siku ya pili kahamisha nguo. Tangu hapo wanamwona kwenye simu, nusu ya uso.

Nikamwambia Njiti si wa hivyo. Akaniangalia kama mtu anayetazama chungu kikivuja.

Aende zake. Lakini mchana nimeshona mfuko wa kiti nje ndani. Mimi! Nikaufumua kabla mtu hajaona.

Nimeamua. Kila gari atakaloenda kuliona, naenda naye. Macho yangu hayakosi kasoro. Na kama kasoro haipo, itakuwepo.

Jumamosi, 8 Machi

Gari la kwanza. Jeusi, limelala chini kama linatafuta sarafu iliyopotea. Dalali wake ananukia mpaka nzi wamehama. Ananiita "mzee wangu, malkia wangu." Nikamwambia malkia gani anapandishwa gari kwa kuingizwa kichwa kwanza?

Viti viwili tu! Nikauliza vingine viko wapi. Akacheka: "Hili la vijana, mama, la mtu na mwenzake." Nimelielewa vizuri sana. Mtu na mwenzake, na bibi abaki langoni akipunga kitambaa.

Akaliwasha. Ekzosi ikakohoa kikohozi cha mvuta tumbaku, moshi wa bluu ukatoka. Dalali anasema hiyo ndiyo sauti ya nguvu. Nikasema mume wangu alipotoa sauti hiyo tulimpeleka hospitali. Njiti mwenyewe akainama akachungulia, akasema polepole kwamba linakunywa oili. Hapo sikuwa na kazi, gari lilijiharibia lenyewe.

Tatizo likawa kunitoa. Magoti yalikataa. Dalali kavuta mkono huu, Njiti mkono ule, mimi katikati kama gunia la mkaa. Watu walisimama kutazama. Nikawaambia na kiingilio walipe.

Njiti alicheka njia nzima. Nami nikacheka. Ilikuwa siku nzuri, sikatai.

Jumapili, 9 Machi

Gari la pili. La kinyozi mmoja, anakaa mtaa wa nyuma ya soko, chumba cha kunyolea mbele, gari uani. Jeupe, dogo, milango minne, la kawaida kabisa. Ukilipita hugeuki. Njiti alipoliona alinyamaza. Huyo mtoto akinyamaza ujue kapenda.

Kinyozi akafungua boneti taratibu kama anafunua mtoto aliyelala. Injini safi! Kila alichobadilisha anakitaja na mwezi wake. Njiti anauliza, kinyozi anajibu, wanaelewana vizuri mno, mimi nimesimama kama mwavuli wakati wa jua.

Tukapanda kulijaribu. Njiti usukanini, kinyozi pembeni, mimi nyuma. Barabara ya kwenda juu kwenye matangi ya maji — kilima ambacho malori yanapanda yakisali. Njiti akabadilisha gia, akakanyaga. Yesu na malaika! Kilemba kilirudi nyuma. Tumbo nililiacha kwenye kona, nikalikuta juu. Malori mawili tumeyapita kama yameegeshwa. Nikapiga ukelele. Njiti kadhani ni woga, akapunguza.

Sikumrekebisha.

Tuliporudi nikatafuta kasoro. Injini hakuna. Rangi hakuna. Ndipo nikainua kifuniko cha manyoya, cha madoadoa ya chui, kwenye kiti cha dereva. Salaale! Chini yake kiti kimechanika, kimeshonwa kwa uzi wa magunia, hatua moja ndefu, moja fupi, kama kuku aliyelewa kapita. Nikakipeleka kile kifuniko mpaka ndani kwenye wateja. Nikauliza nani kafanya dhambi hii?

"Nimeshona mwenyewe," kinyozi anasema.

"Basi ungefumbua macho."

Wateja wakaangua kicheko. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini nilishapata hadhira. Nikamnyooshea kidole mteja aliyekuwa kwenye kiti, kanyolewa upande mmoja. Nikasema na huyu naye kashonwa na fundi yuleyule. Yule mtu akaruka kwenda kwenye kioo! Kicheko mpaka barabarani.

Kinyozi hakucheka. Akazima mashine. Akaniambia kwa sauti ya chini, ya adabu, mbaya kuliko tusi: "Bi mkubwa, hata uje umebeba pesa kichwani, gari hili halitoki kwenda nyumbani kwako."

Nikasema nani kaliomba?

Njiti alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika mlangoni ndipo akaniuliza: "Bibi, ulikuja kukagua gari au kulizika?"

Nikamwambia atanishukuru.

Jumatatu, 10 Machi

Hajanishukuru.

Jumatano, 12 Machi

Sikusikiliza makusudi. Nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni nachambua mchele, na masikio sikuyafunga kwa sababu hayana vifungo.

Njiti alikuwa uani anazungumza kwa simu na mtu anayepangisha chumba, kulekule kwenye kiwanda. Anamwambia, "Chumba nitakichukua. Nilikuwa sikitaki, nilitaka gari lenye nguvu ya kupanda ile milima, nikitoka zamu nirudi nyumbani kila siku, maana saa hizo mabasi hakuna. Nina bibi yangu, yuko peke yake, anajifanya chuma. Gari nililipata, likaharibika kwenye maneno. Haya, nitahamia mwisho wa mwezi."

Nilibaki na ungo mkononi. Mchele niliuchambua upya wote. Sijui nilichotoa ni mawe au ni mchele.

Kwa hiyo mbio zote hizo alitaka za kurudi! Na huyo mama wa duka, kesho asinisalimie. Asinisalimie kabisa!

Mbona hakuniambia? Nitajijibu mwenyewe, hakuna anayesoma: alianza mara mbili. Mara ya kwanza nikamwambia chai inapoa. Ya pili nikawasha cherehani.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepita kwa kinyozi. Nilikuwa naelekea sokoni. Soko liko upande mwingine, lakini mtu haruhusiwi kuzunguka?

Alikuwa anafagia nywele. Nikamwambia hujambo baba. Akasema sijambo, kiti hakijapona. Nikamwuliza gari bado lipo? Lipo mpaka Jumamosi asubuhi, anasema. Muuza simu mmoja analifuata. Nikamweleza kwamba gari si langu, ni la mjukuu, mtoto wa watu, mstaarabu, hakurithi mdomo. Akaegemea ufagio. "Mjukuu wako sina ugomvi naye. Nasubiri neno moja tu kwako, Bi mkubwa. Dogo. Halivunji meno."

Nikamwambia meno yangu yamebaki machache, siyahatarishi.

Nikaondoka na kichwa juu. Kichwa kikiwa juu sana huoni shimo. Nimeteguka kidole cha mguu hapohapo mbele yake.

Njiti ananikanda mguu kwa maji ya moto. Ananiuliza nimeumia wapi. Sokoni, nimesema. Masanduku mawili ya nguo yameshapangwa kitandani kwake. Wahenga walisema mkataa pema pabaya panamwita. Wahenga nao wangekuwa wanasema mapema!

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa ndani ya gari la kinyozi. Kiti cha mbele, cha abiria. Daftari liko gotini. Sitoki.

Nilifika wakati anafungua mlango. Mfuko wangu begani — mkasi, kisu cha kufumulia, sindano iliyopinda, uzi mweusi wa nailoni, kipande cha ngozi bandia kizuri, kilichobaki kwenye basi la harusi. Nikamwambia kile kiti kinaniuma macho hata nikiyafumba. Nipe ufunguo nikitengeneze, bure, mteja wako asije akatapika. Akanitazama. "Hapo sasa umenena," akasema. Akanipa ufunguo, maskini, na kikombe cha chai juu yake.

Chai nikanywa. Kisha nikafumua.

Sikufumua mshono uliochanika. Nilifumua kiti kizima! Ngozi yote chini, sponji juu ya boneti, springi zinachungulia kama mbavu za mbuzi wa kiangazi. Njiti nikampigia simu: njoo kwa kinyozi na akiba yako yote na maswali yaache nyumbani.

Muuza simu akafika na miwani ya jua na bahasha. Akafungua mlango wa dereva, akavua miwani.

"Hiki nini?"

"Kiti," nikamwambia. "Kiko kwenye matibabu."

Ana haraka, anasema. Atakaa juu ya kreti la soda, atashona mwenyewe mbele ya safari. Nikamwambia mwanangu, hakuna anayetoka kwa daktari na tumbo wazi; kiti nilichofumua mimi, nafunga mimi, na leo mkono wangu mzito. Akamgeukia kinyozi: wewe mwenye gari unasemaje? Wateja wote wametoka nje, mmoja na shuka la kunyolea shingoni. Ni yuleyule wa Jumapili! Upande wa pili alikuja kumaliziwa. Akasema kwa sauti, "Mama kasema kweli, gari haliondoki na tumbo wazi." Kidogo nimpe mkono.

Kinyozi alicheka. Sikutegemea. Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akamwambia muuza simu asubiri kidogo, akaja upande wangu, akainama dirishani. Amenikaribia, nanusa pauda ya kunyolea.

"Bi mkubwa," anasema, "ujanja nimeukubali. Gari mjukuu wako atalipata. Lakini lile neno dogo bado nalidai. Ukinipa, bahasha ya huyu bwana inarudi mfukoni. Ukininyima, kreti ninalo."

Sasa huyu kajifunza wapi kubana watu hivi? Nimemwambia asubiri, naandika. Kasema atasubiri, ila si mpaka kesho.

Muuza simu keshalileta kreti. Analipangusa vumbi, anapima kama litaingia. Linaingia.

Nimeweka sindano mdomoni kama mtu anayetaka kuanza kushona. Kinyozi kanitazama, kasema shona tu, neno hata na sindano linatoka.

Njiti namwona! Anavuka barabara anakimbia, pochi kaikumbatia kifuani kwa mikono miwili, hatazami kushoto wala kulia. Mtoto huyu ataniua. Miguu kama njiti kweli, lakini jamani, mbio!

Muuza simu kashika mlango wa dereva. Kinyozi bado kainama, masikio yake yako hapa, kwenye pua yangu.

Haya. Nimetoa sindano mdomoni. Nimeichomeka kwenye kilemba. Nimekohoa —