Sura ya Visima

Jumatatu, 4 Machi
Miaka yote hii naandika siasa kwa lugha mbili, leo ndiyo naambiwa ukweli una lugha yake! Mchapishaji anataka niondoe sura ya visima kwenye kitabu changu kipya — toleo la Kiswahili tu. Ya Kiingereza ibaki. Eti, "Kaka, Kiingereza watasoma mabalozi. Kiswahili watasoma wapiga kura wa Mheshimiwa." Mheshimiwa mwenyewe ni Waziri wa Maji. Siku anazindua kisima, bomba lilimwaga maji kama mvua. Nyuma ya ukuta — lori la maji, mpira wake umechomekwa kwenye bomba. Nililiona. Nililigonga kwa kichwa, hasa.
Nimesema nitafikiria. Shujaa mimi, na kitambi changu.

Jumatano, 6 Machi
Nimemsimulia mke wangu. Hakuacha kukunja nguo. "Kwa hiyo wale wenye kiu, baba watoto, wasome nini? Jalada?"
Mwanamke huyu!

Alhamisi, 7 Machi
Nimetuma faili la Kiswahili. Zima, na visima vyake. Mchapishaji kajibu papo hapo: safi sana! Hajafungua, namjua. Kiswahili anakiongea kutwa. Kukisoma, anasema, kunamchosha macho.

Jumanne, 23 Aprili
Vitabu vimetoka kiwandani, lugha zote mbili. Na mgeni rasmi wa uzinduzi kapatikana, mchapishaji kanipigia. Nani? "Waziri wa Maji! Si tumemsitiri? Atakuja na televisheni!" Nikafungua mdomo nikiri — akakata simu, anawahi kuagiza viti. Nimepiga tena mara kadhaa. Hapokei. Mke wangu kacheka mpaka kakaa sakafuni. Haya, cheka, mama.

Jumamosi, 27 Aprili, ukumbini
Naandika nikiwa mstari wa mbele. Watu wanadhani nanukuu hotuba. Waziri mcheshi, loo! Kiingereza kawaachia wenyewe, anataka "cha kwetu". Mchapishaji kamkabidhi kwa mikono miwili. Kafungua orodha ya sura. "Visima! Kumbe na mimi nimo!" Makofi ukumbi mzima. Mchapishaji peke yake mikono imemgandia hewani. Ananitazama. Mimi natazama dari.
"Mwandishi," Waziri ananiita, "kwaya ikimaliza panda hapa utusomee mwenyewe. Yote, usiruke!"
Kamera zimenigeukia. Mchapishaji ananikanyaga kiatu, ananong'ona nisome utangulizi, nisome shukrani, nizimie, chochote. Mke wangu kapitisha mkono mbele yake, kanipa miwani yake — yangu nimeiacha nyumbani, kama kawaida.
Kwaya wanaingia ubeti wa mwisho. Miwani hii inaona vizuri mno.