Mpinzani Niliyemchagulia Mwanao

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Huku tunapumua, watoto wanakula na kugombana kama kawaida yao, na mwanao yupo, anatembea, anakula. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ulilokuwa ukilitafuta kwa macho hata kabla hujavaa miwani. Na wewe, magoti yanasemaje? Ile cherehani mpya imeuzoea mkono wako, au bado inakata uzi? Wifi aliniambia umeacha kwenda dukani kwa sababu watu wanakuuliza habari za pambano, na kwamba kuna mtu amethubutu kusema mbele yako kuwa mwanao ameuza mkanda wake wa ndondi. Mama, hakuuza kitu. Naomba uisome barua hii ukiwa peke yako. Kwenye simu nisingeweza, maana mwanao siku hizi hatoki karibu nami, na nyumba yetu unaijua, ukikohoa jikoni unaitikiwa sebuleni.

Acha nianzie nyuma kidogo. Tangu mwaka jana mji mzima ulikuwa na swali moja tu: nani atampiga Ukuta. Unajua walimwita mwanao hivyo kwa sababu kila aliyepanda naye ulingoni alishuka akisema ni heri angepiga ukuta wa nyumba yake, angalau ungebaki na alama. Saluni kwangu wateja walikuwa wakikaa kwenye kiti, kichwa kiko mikononi mwangu nusu kimesukwa, na bado wananiuliza mimi, mke wa bingwa, kama siogopi. Kinyozi wa mlango wa pili alibandika kwenye kioo chake picha za wapinzani watatu, na kila aliyekuja kunyoa alitakiwa amchague mmoja kabla ya mashine kuwashwa.

Wa kwanza walimwita Mlingoti, dereva wa lori, mwenye mikono mirefu hivi kwamba kinyozi alisema anaweza kukupiga akiwa bado yuko njiani anakuja. Wa pili ni Nyundo, kijana anayechomelea mageti. Huyo hakuwahi kumaliza pambano kwa pointi, wote aliwalaza, na wa mwisho aliondolewa ulingoni kwa machela na mpaka leo ananywa supu kwa mrija. Wa tatu ni Mwalimu. Anafundisha hesabu watoto wadogo. Hajawahi kumwangusha mtu. Anagusa na kuondoka, anagusa na kuondoka, kama mtoto anayebonyeza kengele ya mlangoni kwa watu halafu anakimbia. Watu walikuwa wanamzomea, lakini majaji walimpa ushindi.

Shirikisho la ndondi lilimwambia mwanao, kwa kuwa ni bingwa, achague mmoja kati ya hao watatu. Waandishi wakimuuliza alikuwa anawajibu kwamba hao watatu wapange foleni, na wote wanacheka. Mimi sikuwa nacheka, Mama, na sasa nitakueleza kwa nini.

Ilianza na maneno. Alikuwa akikaa mezani, anatazama kijiko, ananiomba nimpe kile kitu cha kukorogea. Tulicheka. Kisha akawa anamwita mtoto wetu wa mwisho kwa jina la wifi. Nikasema ni uchovu wa mazoezi. Halafu siku moja mlinzi wa shule akanipigia simu, akaniambia kwa adabu sana kwamba mume wangu amekaa nje ya geti muda mrefu na watoto wote wameshaondoka. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, mtu mkubwa vile, magoti yamemfikia kifuani. Alikuwa ameenda kuwachukua watoto, akafika getini akasahau alichokifuata, na akaona aibu kuuliza. Wanetu walikuwa wamerudi nyumbani na jirani.

Nilimpeleka kwa daktari, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu. Akatuonyesha picha za kichwa chake na kutuambia ubongo umechoka kwa kutikiswa miaka yote hii. Kilichopotea hakitarudi, kilichobaki kinaweza kulindwa, ila asipigwe tena kichwani. Mwanao alimsikiliza vizuri, kama mtu anayetajiwa bei ya kitu ambacho hana nia ya kukinunua. Tulipotoka aliniomba nisimwambie mtu yeyote, na hasa wewe. Alisema ukijua utaacha kulala. Halafu akala kiapo: hatauweka mkanda mezani kama mpangaji anayerudisha ufunguo. Anayeutaka aje auchukue, na siku utakapochukuliwa atavua glovu hapohapo na sitamsikia akitaja ndondi tena. Mama, kiapo cha mwanao unakijua kuliko mimi. Wewe mwenyewe ulinisimulia alivyoapa akiwa mtoto kwamba hatakula tena kwa mjomba wake, na kweli hakula hadi mjomba akazikwa.

Basi nikabaki na hesabu moja tu. Kama ataacha kwa kushindwa tu, ni lazima ashindwe, na ashindwe na mtu ambaye hatamuua. Nikaanza kuwaangalia wale wanaume watatu jinsi mama anavyowaangalia waliokuja kuposa binti yake. Nilijifunga mtandio na kwenda kwenye kumbi zao za mazoezi, mmoja baada ya mwingine. Mlingoti nilimwona mara moja nikajua mwanao atampiga, na akimpiga yeye atakuja mwingine, na mwingine tena. Nyundo nilimkuta anapiga begi. Mama, ule mlio nausikia hadi leo. Begi lilikuwa limefungwa kwa mnyororo darini, na kila konde lilidondosha vumbi la chokaa juu ya mabega yake. Nilitoka nje kabla hajamaliza. Mwalimu nilimkuta anagombezwa na kocha wake kwa nini hapigi kwa nguvu. Alijibu kwamba pointi hazipimwi kwa kilo.

Promota alimtaka Nyundo, kwa sababu ukumbi ungejaa. Kocha wetu alimtaka Nyundo. Na mwanao naye akamtaka Nyundo, alisema akimlaza huyo watanyamaza wote.  Mwisho nikatumia ulimi. Nilikuwa namkanda miguu, nikamwambia, kama mtu anayepitisha umbea tu, kwamba kwa kinyozi wanasema anamkwepa Mwalimu. Aliuliza nani kasema. Nikasema wote, wanasema Ukuta anaweza kupigana na wenye misuli, wenye akili anawaogopa. Hakuna aliyesema hivyo, Mama. Nilitunga pale pale mguu wake ukiwa mapajani mwangu. Alicheka kidogo, na asubuhi akawapigia watu wa shirikisho akawaambia anamtaka Mwalimu.

Pambano lenyewe ulilisikia redioni, ila redio haikuona nilichokiona mimi. Mwanao aliingia kwa nguvu, unajua anavyotembea, kama mtu anayekwenda kufunga dirisha. Lakini kila alipotaka kuurusha ule mkono wake wa kulia, Mwalimu alikuwa ameshaondoka. Si kwamba alikwepa, alikuwa ameshaondoka kabla. Na kila alipoondoka aliacha ngumi kwenye mbavu, zile za kulia zilizovunjika zamani na kuunga vibaya. Kichwa alikigusa mara chache. Lakini alikigusa, na kila alipokigusa nilifumba macho. Walimaliza raundi zote. Mwanao hakuanguka. Majaji wote watatu walimpa Mwalimu, na ukumbi ukaanza kupiga mbinja na kupiga kelele kwamba pambano limeuzwa. Hicho ndicho kilichofika dukani kwenu.

Alitimiza neno lake. Alivua glovu mbele ya waandishi, akamfunga Mwalimu mkanda kwa mikono yake mwenyewe, akasema amemaliza. Kule chumba cha kubadilishia nguo, kocha akiwa anamkatia bandeji za mikono, mwanao alicheka na kusema, "Yule kijana amenisoma kama mtu aliyelala chumbani kwangu." Wote wakacheka. Mimi niligeuka nikaanza kukunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Mama, nilikwenda kwa Mwalimu. Ndilo jambo lililonifanya nishike kalamu. Pambano lilipotangazwa, nilimfuata shuleni kwake saa ya mapumziko, nikamkuta darasani peke yake anasahihisha madaftari, watoto wanapiga kelele nje. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia habari za daktari. Kisha nikamwambia kitu ambacho hakijui mtu mwingine, hata kocha: kwamba kabla ya kurusha mkono wa kulia, mwanao huinua bega la kushoto kidogo sana, kama mtu anayetaka kujikuna sikio. Nimeliona bega hilo miaka yote akifanya mazoezi mbele ya kioo chetu. Nikamwambia na habari za mbavu.

Aliweka kalamu chini akaniuliza, "Dada, unataka nimpige mumeo au nisimpige?"

Nikamwambia nataka amshinde, na kichwa asikiguse.  Akasema ulingoni mtu hawezi kuahidi ngumi itatua wapi. Akaniuliza kama mume wangu anajua niko pale. Niliposema hajui, alisema basi angependa kuwa hakuyasikia. Hakuahidi kitu wala hakuniomba kitu. Alinisindikiza hadi nje, akarudi kwenye madaftari yake. Lakini aliyasikia, Mama, na ulingoni aliyatumia. Mwanao alipigwa na Mwalimu, ila njia ya kupitia niliionyesha mimi.

Nilidhani nikishafanya hivyo nitalala usingizi. Kumbe bado. Asubuhi baada ya pambano mwanao aliamka, akaja mezani amezishika mbavu kwa kiganja, akaniuliza shirikisho limesemaje, amepewa nani kati ya wale watatu. Nilifikiri anatania. Nilipoona macho yake nikajua hatanii. Nikamwambia pambano limeshapita.

Akauliza, "Nilianguka?"

Nikamwambia hakuanguka. Akauliza kama alishinda. Nikamwambia alishindwa kwa pointi, na kwamba ameacha, na ametimiza kiapo. Alivuta sahani, akala mkate wake wote.

Daktari anasema huenda ni uchovu utakaopita, huenda si hivyo, tungoje. Kuna siku anakumbuka yote, mpaka anaigiza mbinja za ukumbini na watoto wanacheka. Siku moja ya namna hiyo, kichwa chake kikiwa safi kabisa, niliona siwezi kuendelea kumpakulia chakula na kumficha. Nikamweleza yote, kuanzia uongo wa kinyozi hadi darasani kwa Mwalimu. Hakupaza sauti. Ningeshukuru kama angepaza. Alitoka, akakaa uani hadi mchana, kisha akarudi akasimama mlangoni. Alisema kila mtu aliyepigana naye alikuja kwa mbele, ni mimi tu niliyekuja kwa nyuma. Akasema hatalala chumba kimoja na mimi. Nikahamisha shuka na mto wangu kwenye kochi.

Kesho yake aliamka, akapita sebuleni, akasimama. Aliniuliza kwa upole kwa nini shuka langu liko kwenye kochi, kama naumwa, kama ni yeye anayekoroma. Akalibeba mwenyewe na kulirudisha kitandani.

Sijui, Mama, kama amenisamehe au amesahau. Nikimwangalia siwezi kutofautisha, na siwezi kumuuliza, maana kumuuliza ni kumchoma upya kwa kisu kilekile. Siku nyingine ananitazama muda mrefu nikimsuka binti yetu, nami nawaza leo amekumbuka. Kisha ananiomba chai.

Nilianza kukuandikia nikidhani naomba ushauri. Sasa naona siombi hilo. Nakuambia kwa sababu wewe utakumbuka. Ukinikasirikia, hasira yako nitaikuta mahali pake kesho na keshokutwa. Na ukija kunisamehe, nitajua nimesamehewa na mtu anayejua ni kwa lipi. Mwanangu mwenyewe akikua nikasikia mkewe amemfanyia hivi, sijui ningesema nini. Sema lolote, nitalipokea.

Nisalimie wifi sana, mwambie watoto wake wanakumbukwa huku. Watoto wetu wanakuamkia, mkubwa anasema ukija atakupisha kitanda chake na hatalalamika. Maana ndilo ninalokuomba, Mama, uje, hata kama ni kuja kunigombeza. Mwanao anakuulizia. Anataka kujua kama ulikuwa unasikiliza redio siku ile. Akikuuliza, mwambie ulisikia mpaka mwisho, na kwamba hakuanguka.

Nakuamkia tena kwa heshima zote.

Mimi mkweo,
mama wa wajukuu zako