Chuo cha Tarumbeta Alichokitaka Tata

Muleba,
Alhamisi, alasiri.

Kwako Kaka Alexander,

Nakusalimu kwa heshima na upendo mwingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, na kwamba kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu Jumapili kimekuacha, maana najua kinavyokunyima mazoezi. Sisi huku ni wazima kwa kiasi cha kumshukuru Mungu. Kwa kiasi hicho tu, Kaka.

Barua hii nampa Violeth, yule mnunuzi wa dagaa wa Bumbire aliyepanga chumba kwa jirani yetu. Kesho atapanda meli Kemondo, na ameniahidi kwamba Jumamosi atakutafuta shuleni unakofundisha kabla hajaenda sokoni. Nilimsihi mara tatu mpaka akaniuliza kama namwandikia mchumba. Niliona aibu sana, lakini nikamwacha afikiri hivyo, mradi asiisahau. Lazima uisome kabla ya Jumatatu, kabla hujasaini karatasi za chuo. Ningekupigia simu, ila unajua simu yetu ni moja na Mama huiweka sauti kubwa ili Tata naye asikie. Kuna maneno ambayo ni rahisi kuyaandika kuliko kuyasema wote wakinitazama.

Nianze na hali ya Tata, baba yetu. Sasa anatembea kwa fimbo kutoka mlangoni mpaka kwenye mibuni ya kwanza na kurudi. Mkono wa kulia bado haujarudi, na mdomo bado. Ni miezi saba tangu apate kiharusi na maneno yake yanatoka kama yamekatwa ncha, kwa hiyo mimi ndiye ninayemtafsiria. Mama akimlisha ndizi za ebitoke ananiita niseme kama anataka chumvi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akimuuliza panapouma, najibu mimi. Mwezi uliopita Padri alikuja kumwungamisha, akaniambia nibaki nimsaidie kuelewa. Tata akanifukuza kwa fimbo. Padri alikaa naye ndani nusu saa, kisha akatoka akifuta jasho, akasema yeye hakuelewa kitu lakini Mungu ameelewa.

Kila Jumatatu jioni tunakwenda Bukoba, tunalala kwa Shangazi Theopista pale Bakoba ili Jumanne asubuhi Tata awahi mazoezi ya viungo. Kwa hiyo Jumanne zote sipo shuleni. Jumatano nafika nikiwa nasinzia. Mwalimu Kahangwa ameniruhusu nilaze kichwa kwenye meza ya maktaba wakati wa mapumziko, nami nalaza kichwa juu ya kitabu ambacho zamani ningekimaliza kwa siku mbili. Katika mtihani wa majaribio wa kidato cha nne nimeshuka hisabati na fizikia. Mama hajui, kwa sababu hajauliza. Yeye naye amechoka. Ugonjwa wa mnyauko umeingia upande wa chini wa kibanja, shamba letu, na anakata migomba peke yake.

Shangazi anakusalimu kwa namna yake. Alipokuta karatasi zako mezani alisema hajapata kusikia mtu anakwenda kusomea shahada ya pili ya kupuliza, akauliza kama shahada ya tatu itakuwa ya kuvuta. Akasema Ishengoma, yaani Tata, amepuliza kwenye bendi ya parokia miaka thelathini bila cheti, na watu walizikwa vizuri tu. Tata alicheka mpaka mate yakamtoka. Shangazi akamfuta kwa kanga yake, akageuza uso ukutani, akakaa hivyo muda mrefu.

Karatasi zenyewe nilizisoma zote kama ulivyoniagiza, hata zile za maandishi madogo. Uliniambia umenituma mimi kwa sababu siruki mistari. Nilichora jedwali kwenye daftari. Chuo cha Kampala ni miaka miwili. Mwalimu mkuu ni wa uimbaji, na mwalimu wa tarumbeta anakuja mara mbili kwa mwezi. Wanafunzi wa tarumbeta mngekuwa wawili. Muda mwingi ungekuwa wa kuandika utafiti. Chuo cha Ujerumani nacho ni miaka miwili, lakini kila wiki ungekaa na mwalimu wa tarumbeta saa moja na nusu, wewe na yeye peke yenu, na ungepiga katika okestra ya chuo tangu muhula wa kwanza. Ungelazimika kujifunza lugha yao kwanza. Ufadhili umepata kote kuwili, hivyo hapo hapakuwa na la kupima. Tofauti kubwa ambayo haikuandikwa popote ni kwamba ukiwa Kampala unapanda basi, unavuka mpaka wa Mutukula, na siku hiyohiyo uko nyumbani. Ukiwa Ujerumani hatukuoni miaka miwili.

Ukasema utafanya atakavyosema Tata, kwa sababu ndiye aliyekufundisha do-re-mi kabla hujajua kusoma. Ukatuma zile rekodi za walimu ili nimsikilizishe. Nami nikakuandikia kwamba Tata amesema Kampala panatosha, usiende mbali. Jumapili ukapiga simu ukasema basi, Tata akisema amesema, Jumatatu unasaini Kampala. Sauti yako ilikuwa ya upole. Hukulalamika hata kidogo. Mama alifurahi, akatoka kwenda kumweleza jirani. Tata alikuwa amelala, hakusikia simu ile. Mimi sikuweza kula.

Juzi, tuliporudi kutoka Bukoba, tulikuta msiba wa Mzee Rutashobya wa ng'ambo ya bonde. Mama akaenda, mimi nikabaki na Tata nje. Tukasikia bendi ikimsindikiza marehemu. Anayepiga tarumbeta ya kwanza siku hizi ni Ndyamukama, yule aliyekuwa akipiga ngoma kubwa. Kila alipofika mahali pa kupanda juu, pumzi ilimkatika. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, palepale. Tata akawa anapigapiga goti lake kwa mkono wa kushoto akimhesabia, kama vile Ndyamukama angemwona. Kisha akaniambia kwamba yule hana kosa, hakuna aliyemfundisha kupumua, na kwamba yeye mwenyewe hakufundishwa, alibahatisha tu, ndiyo maana hata wewe amekufikisha mahali fulani akashindwa kukuvusha. Halafu akaniuliza kama nilikuandikia yale aliyoyasema. Nikamjibu ndiyo, niliandika yote.

Kaka, sikuandika yote. Niliandika uongo.

Siku ile ya rekodi ilikuwa hivi. Mwalimu wa Kampala, Tata alimsikiliza mpaka mwisho, akasema anapiga vizuri, hana neno. Yule wa Ujerumani alimsikiliza, akanyoosha kidole nirudie. Nilirudia mara nne. Machozi yalimtoka upande mmoja. Maneno yake yalichukua muda, nami niliyaelewa yote. Alisema mtu huyu anapumua kutoka chini kabisa, na hasikiki anapovuta hewa. Alisema uende kwake. Nikamuuliza je, ikitokea jambo wewe uko huko, nani atatupa udongo wa kwanza, na ukoo watamsimika nani kuwa mrithi wakati mwana wa kwanza hayupo? Niliuliza hivyo kwa makusudi, nikijua hakuna mzee wa Kihaya anayelichukulia neno hilo kirahisi. Yeye akasema ukoo watakusubiri, kibanja hakina miguu, na kwamba yeye hataki urudi kumpigia kaburini mahali ambapo hatasikia. Akasema nikuandikie hivyohivyo, nisipunguze.

Niliingia ndani nikaandika Kampala.

Sikufanya hivyo kwa ajili ya Tata, wala kwa ajili ya mila. Nilifanya kwa sababu nimechoka. Nilifikiri ukiwa Kampala utakuwa unakuja, na ukija nitalala. Nilifikiri pia nikifaulu nikapangiwa shule ya bweni kidato cha tano, nani atamtafsiria? Kama wewe uko karibu naweza kwenda. Kama uko mbali, mimi ndiye nitakayebaki. Nilipima elimu yako na yangu, nikaipunja yako, tena kwa kutumia mdomo wa Tata ambaye hawezi kunisahihisha. Kila mtu nyumbani ananiamini kwa sababu hakuna mwingine anayejua alichosema. Nimeliona jambo hilo kuwa baya kuliko uongo wenyewe.

Leo asubuhi sikwenda shule. Nilimweleza Tata mbele ya Mama. Nilidhani atanipiga kwa fimbo, naye akaiinua kweli, akaishusha. Akasema maneno mengi kwa mkupuo. Mama akanigeukia kama kawaida aulize anasemaje, lakini Tata akatikisa kichwa nisijibu. Akarudia polepole, akimtazama Mama tu. Akarudia tena. Ilichukua muda mrefu, Kaka, na mimi nilikuwa naumia kwa kunyamaza. Hatimaye Mama akasema, kwa wasiwasi, kwamba amesikia "Alex" na "aende". Tata akaitikia. Mama akaendelea, akasema amesikia pia "mtoto alale". Wakatazamana wakaanza kulia wote wawili. Kumbe Mama angeweza kuelewa tangu zamani. Mimi ndiye niliyekuwa najibu kabla Tata hajamaliza.

Basi sasa unalo neno lake lote, bila kupunguza. Mama naye amesema ataanza kwenda naye Bukoba Jumanne zijazo, na kibanja kitasubiri. Sijui ataweza kwa muda gani. Sitakuficha kwamba naogopa miaka hiyo miwili, na kwamba Tata anaweza asiifikishe. Lakini usisaini Kampala kwa sababu yangu. Ukinikasirikia nitaelewa. Ukitaka kunigombeza, piga simu hata ikiwa na sauti kubwa, wote wanajua tayari.

Mama anakusalimu na anasema umnunulie Violeth chai. Shangazi hajaambiwa, nitamwambia mwenyewe. Tata amejilaza hapa kivulini na anaona ninaandika. Ameniuliza nimefika wapi, nami nimemwambia nimefika kwenye salamu. Ameagiza niandike kwamba anakusalimu, na kwamba Mama amsomee barua hii kabla sijaifunga.

Mama ameshamsomea. Hakuna neno lililobadilishwa.

Ni mimi mdogo wako, niombaye msamaha,
Joanitha Ishengoma