Damu Isiyotajwa

4 Februari

Mama mpendwa,
Shikamoo. Huku kinyozi wako nipo, vichwa haviishi. Mgongo wa baba je?

Mama, nilikwenda hospitali. Usikunje uso. Ulisema siku zangu zinapotea miezi na miezi kwa sababu ya unene, na ndevu hizi ninyoe nikae kimya. Daktari anasema ni homoni zimevurugika. Siku zisipokuja, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hunenepa, na kwa baadhi yetu, miaka ikipita, hugeuka saratani. Wangu umeshanenepa. Wamekata kinyama wakapime.

Mwanao

15 Februari

Mwanangu,
Marahaba. Mgongo ndio huo huo.

Barua kama ile usiandike tena. Baba yako ndiye huzifungua. Na huo ugonjwa usiutaje, ni kujiitia. Nani atakuoa? Kunywa dawa, nyamaza.

Mama yako

2 Machi

Mama,
Shikamoo, na baba pia, maana najua anasoma.

Sinyamazi. Majibu yametoka: si saratani. Nimepewa vidonge vya homoni, kisha nitapimwa tena. Kidevu nimeacha kunyoa. Mteja akacheka, “Kinyozi gani hajinyoi?” Nikamwambia, “Tulia, wembe uko shingoni mwako.” Wanawake wawili waliosikia wakanifuata nje kuniuliza kuhusu ndevu zao. Mwanamume anayekimbia ndevu, akimbie mapema.

Sasa wewe. Damu yako ilikoma zamani. Vile vitambaa nilivyoona umeanika nyuma ya mlango nilipokuja nyumbani ni vya nini? Daktari anasema ikirudi baada ya kukoma, mtu asingoje.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,
Nakusalimu kutoka wodini. Nala, nalala, nagombana na wauguzi.

Baba yako alisoma barua yako hadi mwisho, akanitazama. “Vitambaa gani?” Nililia. Kisha nikapandwa na hasira, nikavaa viatu, nikaenda hospitali.

Ni saratani, ila haijatoka nje ya mfuko wa uzazi. Wanautoa Jumatatu. Shangazi yako alikuja kuninong’oneza: tuwaambie watu ni tumbo. Nikamjibu kwa sauti, wodi nzima isikie, “Tumbo langu lina kosa gani? Sema mfuko wa uzazi! Na wewe nguo nyeusi kila siku, unaficha madoa gani?”

Akakunja mtandio, akaukunjua. Halafu akaniuliza foleni ya daktari inaanzia wapi.

Mama yako