Katani ya Baba Mkwe kwenye Tangi la Maziwa

Alhamisi. Baridi ya mwezi wa saba, ile ya kuvaa koti ndani ya nyumba. Mlima haujatokea tangu juzi. Mimi ni mtu ninayeuza baridi Arusha, mwezi wa saba, na bado watu wananunua. Jiulize mwenyewe nina kipaji gani.

Shule niliishia kidato cha pili, lakini Dubai nimefika, na Nairobi naijua kama jikoni kwangu. Tangu biashara ifunguliwe na mafriji ya mitumba yaanze kushuka kwa makontena, hakuna bucha Daraja Mbili ambalo friji lake halijapita mkononi mwangu. Sijisifu. Natoa taarifa.

Jana nilikuwa Kikwe. Kina mama wa kule wana kikundi cha maziwa na tangi moja la kupozea. Zamani maziwa yao yalichukuliwa na kiwanda cha serikali, yawe mazima, yawe yamechoka. Siku hizi anakuja mnunuzi binafsi na gari lake, anapima, yakiwa yameanza kuchacha anayaacha palepale. Ameshayakataa mara mbili. Akasema akiyakataa tena, Kikwe ataisahau. Na alikuwa anakuja leo asubuhi. Kwa hiyo maziwa ya jana jioni yalitakiwa yalale kwenye baridi ya kweli.

Mwenyekiti wao, Mama Anaeli, ndiye aliyenipigia simu.

"Fundi, tangi linanguruma tu, halipoi. Fika kabla hatujakamua ng'ombe jioni."

Nilipofika nikakuta gesi imekaribia kwisha. Gesi ya friji haiishi kama chumvi ya mboga. Ikipungua, imevuja. Nikafuata mabomba kwa tochi mpaka nyuma ya mashine, na pale kwenye viungo nikaona katani imechomoza kama masharubu ya paka. Chini yake mafuta yalikuwa yanadondoka, mekundu kama mtu ametema tambuu.

Nikajua ni mkono wa nani.

Baba wa mke wangu anaishi jirani na lile tangi. Alikuwa fundi bomba wa serikali mpaka walipopunguzwa kazini. Wiki iliyopita aliona unyevu wa mafuta pale, akawasaidia kina mama bila kudai hata soda. Akafanya alivyofanya maisha yake yote: katani kwenye hesi, ile mikato ya kukazia, rangi nyekundu juu yake, kaza mpaka spana ilie. Kwa bomba la maji, kazi hiyo inadumu kuliko ndoa.

Lakini gesi inatembea na mafuta ya kompresa, na mafuta hayo yanaitafuna ile rangi kidogo kidogo mpaka njia inafunguka. Tena viungo havifanani. Kuna kile ambacho hesi ndiyo inayoziba, na hicho kinataka dawa yake, inayovumilia gesi na mafuta. Halafu kuna kile cha bomba la shaba lililopanuliwa mdomo kama tarumbeta. Pale shaba inabanwa kwenye chuma, hesi kazi yake ni kuvuta tu. Hupaki dawa. Tone la mafuta, basi. Baba mkwe alivifunga vyote katani, bila ubaguzi.

Na mwenyewe alikuwa amesimama hapo, koti refu, kofia, mikono nyuma. Kina mama wamejaa mlangoni.

"Haya fundi," Mama Anaeli akasema, "tuambie nani katuharibia."

Huku kwetu humkosoi baba wa mkeo mbele za watu. Hata kuifungua kazi yake akiwa anatazama ni kumwaibisha. Na mimi jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tamu, tena lina kichekesho kabisa.

Nikalimeza.

"Hakuna aliyeharibu, mama. Gesi ni ya siku hizi, inataka dawa ya siku hizi." Halafu nikamgeukia mzee. "Baba, viungo hivi vimefungwa na mkono wako. Mimi siwezi kuvilegeza wewe umesimama. Nakuomba unisaidie."

Akanitazama. Akavua koti.

Nilihamisha gesi iliyobaki kwenye mtungi wangu, yeye akafungua. Alisugua zile hesi kwa brashi ya waya mpaka shaba ikang'aa. Nikampa dawa, nikamwambia kwa sauti ya chini: mikato ya mbele uiache kavu, dawa isije ikasukumwa ndani. Alipaka nyembamba, sawasawa pande zote, kama mtu anayepamba keki ya kipaimara. Mimi, mtu wa Dubai, hupaka kama siagi kwenye mkate wa mgeni. Ile midomo ya tarumbeta akaifuta, akaitia tone la mafuta tu, akakaza viungo vyote.

Mimi nilibadilisha chujio la gesi. Lile la zamani lilikuwa limejaa nyuzi za katani mdomoni. Nikalifukia chini ya matambara kwenye mkoba kabla mtu hajachungulia.

Tukajaribu kwa naitrojeni na povu la sabuni. Hakuna kiputo hata kimoja kilichotoka. Nikanyonya hewa, nikajaza gesi. Ndoo za jioni zilipoanza kuingia, kipimo kilikuwa kinashuka. Mama Anaeli akabandika kiganja kwenye tangi, akapiga kigelegele.

"Baba, kumbe tunaye fundi wetu hapahapa! Tumemsumbua bure huyu wa mjini!"

Wakamshangilia mzee. Mimi nilikuwa nakunja mipira yangu ya gesi. Mdomo uliniwasha kama nimekula upupu.

Nikafunga mkoba.

Mzee akanisindikiza mpaka kwenye pikapu. Nilipokaa kwenye usukani akainama dirishani.

"Lile chujio ulilolifukia. Lilikuwa na katani yangu?"

"Kidogo, baba."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Siku uliyokuja kuposa nilimwambia mama yao, binti yetu anaolewa na redio." Akagonga paa la gari niondoke. "Kumbe ina kitufe cha kuizimia."

Leo asubuhi Mama Anaeli amepiga. Gari limekuja, limepima, limebeba yote, na kesho linarudi.

Mke wangu ameniuliza ilikuwaje huko kwao. Nimemwambia tangi limepona, baba yake ndiye aliyefunga viungo. Ni kweli tupu. Haya mengine nimeyaleta hapa, kwa kuwa mzee haingii kwenye intaneti.

Jumapili tunakula kwake, ukoo mzima utakuwepo, na mtu lazima ataulizia habari za tangi. Nitaweza kweli?